Nilimjazia Mjomba Nil kwa Dakika Mbili

Leo sina mzaha. Leo nakuja kuikana video yangu mwenyewe.

Wale mmenifuata kitambo mnaikumbuka. Juni 2024, nimekaa nje ya duka Makina, simu mkononi, nawaonyesha jinsi ya kujaza ritani ya KRA kwa dakika mbili. Ingia iTax, weka PIN, chagua nil, pata risiti, rudi ulale. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Mlinitumia picha za risiti zenu na roho nyekundu, nami nikajiona mwalimu wa taifa.

Shida ni kwamba nil ni ya mtu ambaye mwaka mzima hakupata kitu. Mwanafunzi. Mtu ambaye bado anatafuta kazi. Si ya mtu anayehustle kila siku. Na jioni ya siku hiyo hiyo nilitembea kutoka Kibera, nikavuka Ngong Road, nikashika Naivasha Road hadi Kawangware, nikamjazia mjomba wangu nil. Mjomba ana lori.

Hapo ndipo hii story inaanza kuniuma.

Mjomba anakaa karibu na 56. Kwa miaka mingi aliendesha malori ya watu kati ya Mombasa na Malaba. Mwaka 2022 alichanganya akiba na mkopo wa chama, akanunua lori lake mwenyewe, kuukuu, la tani 10, shilingi 2,400,000. Likitoka Mombasa hubeba chochote: ngano, saruji, marobota ya mitumba ambayo mengine huishia Toi hapa kwetu. Likitoka Nairobi huenda hadi mpakani. Yeye ndiye dereva, ndiye mwenye gari, ndiye mhasibu. Mtu mwingine ni tanboi peke yake.

Lori hilo ndilo lilinilipia karo ya chuo kwa miaka 2, hadi injini ilipoisha mwanzoni mwa 2024 na mimi nikarudi mtaani. Wengi wenu mlidhani niliacha chuo ili nifanye video. Zii. Niliacha kwa sababu ya injini.

Sasa, Julai mwaka 2025, kampuni moja ilikuwa inatafuta malori ya kubeba mzigo wake kila wiki. Malipo moja kwa moja, bila broka katikati. Mjomba alipiga hesabu akaniambia, "Hii ikiingia, Januari unarudi darasani." Walitaka PIN, ankara za eTIMS, na nakala za ritani za miaka 2. Ritani nilikuwa nazo kwa simu, za 2023 na 2024. Zote nilikuwa nimejaza mimi.

Dada aliyezipokea alizisoma taratibu, kisha akamuuliza Mjomba kwa heshima, "Mzee, kwani hili lori halijawahi kuingiza hata shilingi?"

Mjomba aliniangalia. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Kwa matatu tukirudi, Mjomba hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Kijana wangu, si ulisema ni dakika mbili?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mambo ya ushuru usiku kama mtu aliye na mtihani. Na nilichokipata ndicho nataka kuwaambia, kwa sababu nyinyi pia mna wazazi, ndugu na marafiki wanaojiajiri, na nyinyi ndio mnawashikia simu ifikapo Juni.

Kitu cha kwanza: Mjomba hakuhitaji kudanganya. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, kifungu cha 15, inasema gharama uliyoingia kwa ajili ya kutafuta hayo mapato inatolewa kwanza. Ushuru unapigwa kwa kinachobaki. Kwa mwenye lori hiyo ni dizeli, tairi, gereji, bima, mshahara wa tanboi, maegesho, ushuru wa kaunti, malipo ya wapakiaji, na riba ya mkopo. Riba, si mkopo wenyewe. Vitu vya nyumbani havihesabiwi. Karo yangu haikuwa gharama ya lori, hata kama lori ndilo lililoilipa.

Tena lori lenyewe linachakaa, na sheria inajua. Unaruhusiwa kutoa asilimia 25 ya bei yake kila mwaka, kwa mafungu sawa, miaka 4. Kwa lori la 2,400,000 hiyo ni 600,000 kwa mwaka.

Halafu kuna ushuru wa mapema wa magari ya biashara. Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka shilingi 1,500 hadi 2,500 kwa kila tani kwa mwaka. Lori la tani 10 ni 25,000. Mjomba amekuwa akilipa hiyo pesa akidhani ni kama leseni, imeenda imeenda. Kumbe ni malipo ya awali. Ukijaza ritani ya kweli, inapunguzwa kwa ushuru unaodaiwa. Ukijaza nil, umewaachia.

Soma tena hiyo sentensi. Mjomba alikuwa analipa ushuru, na mimi nikaandika kwamba hana biashara.

Sasa tuingie kwa hesabu, na msikimbie, ni ya darasa la saba.

Mwenye biashara ndogo ana milango 2. Mlango wa kwanza ni ushuru wa mauzo, ule wanaouita TOT. Kama mauzo yako kwa mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25, unalipa asilimia 3 ya mauzo yote kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Mwaka 2020 ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 1, Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha 3. Haiangalii gharama. Mlango wa pili ni ushuru wa mapato wa kawaida, ule wa kutoa gharama kwanza. Ukitaka mlango wa pili badala ya TOT, unamwandikia Kamishna kumjulisha, na sheria inakubali.

Tuseme mwezi mmoja lori limeingiza 300,000. Nambari nimezilainisha ili zifuatike. Dizeli 165,000. Tairi na gereji 35,000. Tanboi 20,000. Bima na ukaguzi 15,000. Maegesho, kaunti na wapakiaji 15,000. Kula na kulala safarini 20,000. Jumla 270,000. Mjomba amebaki na 30,000.

Kwa TOT analipa asilimia 3 ya 300,000, yaani 9,000. Hiyo ni karibu thuluthi ya pesa yake halisi.

Kwa mlango wa pili, shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Zile 6,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 25, ambayo ni 1,500. Jumla 3,900. Toa nafuu ambayo kila mlipa ushuru anapewa, 2,400 kwa mwezi. Inabaki 1,500. Na hapo bado sijatoa uchakavu wa lori. Ukiutoa, ile miaka 4 ya kwanza hana ushuru wa kulipa kabisa.

9,000 au 1,500. Mtu yule yule, mwezi ule ule, lori lile lile.

Sitaki mtoke hapa mkisema TOT ni mbaya. Kinyozi anayeingiza 100,000 kwa mwezi na kubaki na 60,000 atalipa TOT ya 3,000 tu, wakati mlango wa pili ungemtoza zaidi ya 10,000. TOT inampenda mtu mwenye faida nono. Inamuumiza mtu ambaye pesa nyingi hupita mkononi mwake na chache hubaki. Na hakuna biashara ambayo pesa hupita bila kubaki kama lori.

Mpaka hapo unaweza kusema basi, story imeisha, Mjomba achague mlango wa pili tuendelee na maisha. Nami nilidhani hivyo. Nikaenda Kawangware na daftari jipya, nikamwambia, "Mjomba, leta risiti zote."

Akaleta mfuko wa unga.

Ndani kulikuwa na risiti za mafuta ambazo zimefifia hadi zimekuwa karatasi nyeupe. Kipande cha boksi ambacho fundi wa Mlolongo aliandika kwa kalamu "gearbox 18,000 paid". Tikiti za mizani. Karatasi za kupokelea mzigo. Kadi ya bima. Na vitu vingi ambavyo havikuwa na karatasi yoyote: ugali wa Mtito Andei, kitanda cha Salgaa, kijana aliyeziba pancha usiku Mariakani, wapakiaji wanne waliolipwa taslimu.

Na tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitolewi, ukiacha vitu vichache kama mishahara na riba. Tuseme kati ya zile 270,000, ni 190,000 tu zenye karatasi zinazokubalika. Kwa macho ya ushuru, Mjomba amepata faida ya 110,000. Mlango wa pili sasa, kabla ya uchakavu, unamtoza takriban 25,400 kwa mwezi. Amebaki na 30,000, anatozwa 25,400.

Yaani ile haki ya kutoa gharama ipo, lakini imeandikiwa mtu anayenunua vitu mahali penye mashine ya risiti. Barabara ya Mombasa hadi Malaba haiuzi vitu hivyo. Hata hapa kwetu haiuzi. Nenda Toi, nenda soko la Kawangware, omba mama wa viazi ankara ya eTIMS. Atakuuliza kama umetumwa.

Serikali imejaribu kitu, niseme ukweli. Desemba 2024 sheria ilibadilishwa ili mnunuzi aweze kutoa hiyo ankara mwenyewe pale anaponunua kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Lakini bado unahitaji PIN ya huyo mwenzako. Sasa ni saa nane usiku, mvua inanyesha, kijana ameziba pancha yako kwa shilingi 500 na wewe unamwambia, "Boss, nipe PIN ya KRA." Utaachwa hapo na spana mkononi.

Na hapa ndipo nina neno langu. Yote yaliyotangulia ni maelezo. Hili ndilo ninaloliamini.

Mfanyakazi aliyeajiriwa akitumwa kazi nje ya kituo chake, ile pesa ya safari anayopewa haitozwi ushuru hadi kiwango fulani kwa siku. Haulizwi risiti ya chapo. Kwa miaka kiwango hicho kilikuwa shilingi 2,000. Sheria ya Fedha ya 2025 ikakipandisha hadi 10,000 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Nimefurahi kwa niaba yao, kwa kweli. Maisha ni ghali.

Lakini fikiria usiku mmoja Malaba. Upande huu kuna karani aliyetumwa na ofisi. Upande ule kuna Mjomba, amelala kwa kabini ili mafuta yasinyonywe. Wote wako mbali na nyumbani kwa sababu ya kazi. Wote wamekula ugali wa kibanda kile kile, kwa bei ile ile. Karani anaaminiwa hadi shilingi 10,000 bila karatasi. Mjomba haaminiwi hata sahani ya 200.

Kwa nini? Kwa sababu mmoja ana bosi na mwingine hana. Sioni sababu nyingine.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Mwenye gari anayeliendesha mwenyewe masafa marefu apewe kiwango cha kila usiku aliolala nje, kitolewe kwenye mapato yake bila ankara ya mama ntilie. Sisemi 10,000. Hata ile 2,000 ya zamani inatosha. Ushahidi upo tayari: tikiti za mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, na karatasi za kupokelea mzigo. Zinaonyesha lori lilikuwa wapi na lini. Huwezi kulala Kawangware huku lori lako linapimwa Webuye.

Si ndoto. Marekani dereva wa masafa marefu anayejiajiri anaruhusiwa kutumia kiwango cha siku kwa chakula, dola 80 tangu Oktoba 2024 kwa safari za ndani ya nchi, na asilimia 80 ya hicho kiwango inatolewa kwenye mapato yake. Anachotakiwa kuthibitisha ni siku na safari. Risiti ya kila baga hawana haja nayo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniandikia: "Bro, unatuambia tulipe ushuru? Hawa watu si wanakula tu?"

Nakuelewa. Nilikuwa mjini Juni 2024 kama wewe. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa magari wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kuanzia 5,000 hadi 100,000. Tulipiga kelele, ukaondolewa, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana wenzetu kuuawa barabarani, mswada wote ukaachwa. Sitawahi kumwambia mtu hasira hiyo haikuwa na maana.

Lakini nil si maandamano. Nilipoandika nil hakuna mkubwa aliyekosa usingizi. Aliyepotea ni Mjomba. Kwa karatasi alitoweka, na mtu asiyeonekana kwa karatasi hupewa kazi na broka, kwa bei ya broka. Broka ndiye aliyefaidika na video yangu.

Tena tulijua kila kipengele cha ule mswada. Mimi niliweza kukutajia vifungu usiku wa manane. Lakini sheria ambayo tayari inampunguzia Mjomba mzigo, iliyokuwepo kabla sijazaliwa, sikuwa nimewahi kuisoma. Tunajua sana kinachotaka kutunyonya. Kile ambacho ni haki yetu tunakiacha mezani.

Kwa hivyo nafanya hivi, na ukiona inafaa, fanya na wako.

Moja, nimefuta ile video. Nil ijazwe na asiye na mapato tu.

Mbili, tunarekebisha ritani za Mjomba. Sheria inaruhusu kurekebisha za nyuma. Kulikuwa na msamaha wa faini na riba kwa madeni ya hadi Desemba 2023, ukaisha 30 Juni 2025. Sisi tulijua Julai. Inauma, lakini ndiyo bei ya dakika mbili.

Tatu, kila risiti inapigwa picha siku hiyo hiyo kabla haijafifia, na rekodi zinawekwa miaka 5 kama sheria inavyotaka. Tanboi amepewa hiyo kazi na anaipenda.

Nne, mafuta na tairi vinanunuliwa mahali panapotoa ankara yenye PIN ya Mjomba, hata kama ni mbele kidogo. Hizo ndizo gharama kubwa, anza nazo.

Tano, kabla ya kuchagua mlango, piga hesabu zote mbili. Usichague kwa sababu jamaa wa saiba amekuambia. Wala kwa sababu mimi nimekuambia. Mmeona rekodi yangu.

Na kama unaendesha boda na mauzo yako hayafiki milioni 1 kwa mwaka, TOT haikuhusu. Unajaza ritani ya kawaida, na kama faida yako ya mwaka haizidi 288,000, nafuu inafuta ushuru wote. Unaandika ukweli na unalipa sufuri. Kama unapiga video kama mimi, ile asilimia 5 wanayokata tangu Julai 2023 si ya mwisho, ni malipo ya awali. Bando, simu, taa, vina nafasi yake ukiwa na karatasi. Miaka yote nimekuwa nikiwaachia.

Jumapili iliyopita nilikuwa Kawangware tena. Tulikaa nje na lile daftari, tukajaza mwezi mmoja. Ilituchukua saa tatu na nusu, na tuligombana mara mbili kuhusu gearbox. Mwishoni Mjomba alishika daftari, akaangalia ile mistari, mafuta, tairi, tanboi, usiku 15 nje, akasema, "Kumbe hii kazi nafanya ni kubwa hivi."

Sijajua kama nitarudi chuo Januari. Kile ninachojua ni kwamba sitamwandika tena mtu mwenye lori kama mtu asiye na kitu.